Mwaka Ulio Juu ya Mlango wa Duka la Mabati

Mwaka 1993 habari zilienea Kaisho kwamba Duka la Mabati litavunjwa kupisha soko jipya, isipokuwa ithibitike kwamba lilijengwa kabla ya 1930. Kwa asiyelijua, hilo ndilo lilikuwa jengo la kwanza kuezekwa bati upande ule. Mhindi aliyelijenga aliuza humo chumvi na kaniki, akafuata mnunuzi wa kahawa, kikaja chama cha ushirika, na mwishowe barazani akabaki Costansia na cherehani yake. Kwa cherehani hiyo alikuwa amesomesha watoto wanne, na mahali pengine pa kuiweka hakuwa napo.

Kila mtu alijua kuwa mwaka wa ujenzi uliandikwa juu ya mlango, ila hakuna aliyeuona tangu 1978. Vita ya mpakani ilipoanza mwaka huo, mgambo walipita wakisema kuta nyeupe zinaonekana na ndege za adui. Akina mama wakalipaka jengo zima tope na samadi, likawa kama kichuguu chenye madirisha. Vita ikaisha, tope likabaki, maana nani ana muda wa kuosha duka la Mhindi aliyekwisha ondoka?

Sasa hapo ndipo penye siri ya Costansia. Siku ile tope lilikataa kushika kwenye chokaa laini, wakibandika, linadondoka. Yeye, kwa pupa ya ujana na hofu ya mabomu, alipanda juu ya mtumbwi wa kukamulia rubisi, pombe ya ndizi, akachukua jembe na kuudonoa ukuta ili tope lipate pa kushika. Alidonoa kila alipofika, na hakukumbuka alifika wapi. Miaka kumi na mitano hakumwambia mtu.

Jumanne asubuhi alifika Ildefonsi, bwana wa majengo ya kale kutoka Bukoba, na ngazi, ndoo na brashi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," alijibu Costansia.

Mzee Kahigi, mshika funguo wa jengo tangu enzi za Mhindi, alikuwa amevaa koti lake la kanisani. "Lowesha taratibu," aliagiza. "Tarakimu zipo. Nilikuwa mtoto zilipowekwa, nimeziona kwa macho yangu."

"Nakuamini, mzee, lakini wakubwa wanataka maandishi."

Costansia alishindwa kuvumilia. Akamvuta Kahigi pembeni. "Baba, ukuta huu niliupiga jembe. Wakati wa vita. Huenda mwaka haupo."

"Jembe?"

"Jembe."

Kahigi, mtu anayefokea hata mbuzi wakikanyaga baraza, safari hii alifunga tu vifungo vya koti lake. Costansia aliona heri angemtukana.

Ildefonsi alianzia dirishani. Tope lilipoanguka, ukuta ulionekana umejaa mashimo kana kwamba kuku wameula. Costansia aliitazama kazi yake mchana kweupe. Kisha ngazi ikahamia mlangoni. Maji, brashi, maji tena. Bonge zima likabanduka na kuangukia ndoo, na pale juu ikatokeza 1. Ikafuata 9. Ikaja 2, nene, imetuna. Ya mwisho ilikuwa 7, nzima, haina hata mkwaruzo.

"Tarakimu zimejitokeza nje," alisema Ildefonsi akizipapasa. "Tope lilipata pa kung'ang'ania lenyewe. Hapa hapakuwa na haja ya kudonoa kama pale dirishani."

Ndipo Costansia alipokumbuka: juu ya mlango tope lilishika mara ya kwanza, akamshukuru Mungu na kuhamia upande wa pili. Alikaa chini barazani, akalia na kucheka kwa pamoja bila kujali nani anamtazama. Alifurahi mpaka kifua kikamuuma. Kahigi naye alivua kofia, akawa anajipepea huku akirudia, "Ishirini na saba! Si niliwaambia?"

Ildefonsi alishuka, akafungua daftari. "Jengo halivunjwi, hilo nitaliandika leo hii. Lakini haya mashimo ya dirishani lazima niyaeleze. Nani aliyeharibu?"

Kahigi akakohoa.

"Andika vita, bwana," alisema kwa sauti ya mtu asiyetaka kuulizwa tena.

Ildefonsi akaandika. Costansia akainuka, akajifuta uso kwa upande wa kanga.

"Ongeza hapo," alisema. "Vita, na jembe la Costansia Kantengwa."