Sanduku Kubwa, Nguo Chache

Ujumbe wa sauti wa Pamela uliingia kwenye simu, Sidi akiwa jikoni anapukuchua mahindi.

"Shikamoo mama. Tiketi yako imetoka. Njoo na lile sanduku kubwa la baba, lile la bluu. Lakini weka nguo chache tu, nyepesi nyepesi, maana huku ni joto. Usilijaze, mama. Tafadhali usilijaze."

Sidi aliusikiliza, akaurudia, kisha akamwita mumewe, Kaingu, naye ausikilize. Ilikuwa Julai, pepo za kusi zinavuma kwao Magarini na manyunyu ya asubuhi hayakatiki. Yeye mwenyewe alikuwa amevaa sweta kuukuu la Kaingu juu ya leso. Na Ulaya, tangu utoto wake, aliijua kwa jambo moja tu, baridi. Wazungu wote aliowahi kuwaona Malindi si walikuja wakiikimbia hiyo baridi?

"Amekosea," Kaingu akasema. "Alitaka kusema nguo nzito."

"Amesema nyepesi nyepesi. Kwa kinywa chake."

"Basi sanduku kubwa la nini? Nguo chache si zinaenea kwenye kikapu?"

Pamela, binti yao wa pekee, alikuwa ameolewa Italia na Renzo, na hii ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mama kualikwa kwenda kumwona. Hakutaka kuanza kwa kukosea.

Akaenda Malindi, kwenye duka la vitambaa la Daksha, alikokuwa akinunua sare za kwaya miaka nenda miaka rudi. Daksha alimsikiliza, akashusha majora mawili.

"Pamba, Mama Pamela. Pamba tupu. Ukivaa poliesta Italia mwezi huu, utaiva kama kiazi."

Mumewe, Dhirajlal, akainua kichwa kutoka kwenye gazeti. "Usimdanganye mwenzio! Mimi nilikwenda kwa kaka yangu Uingereza, mwezi wa saba huu huu, nikalala na soksi."

"Anakwenda Italia, si Uingereza."

"Si Ulaya ile ile?"

Wakabishana Kigujarati, wakarudi kwenye Kiswahili, wakabishana tena. Sidi alitoka pale na pamba ya kushona magauni mawili ya mikono mifupi, na skafu nzito ya sufi. Alikuwa amechanganyikiwa zaidi kuliko alivyoingia.

Fundi alipomaliza magauni, Sidi aliyakunja, akayalaza ndani ya sanduku. Yalionekana madogo mno mle ndani. Akaongeza kitenge cha harusi. Akakitoa. Akaongeza viatu vya kanisani. Wazo likamjia: kwa nini anakatazwa kujaza? Au Pamela anazionea haya nguo za mama yake? Labda anataka akifika tu avuliwe, avishwe za kizungu, ndipo atembezwe mbele za watu. Akaurudisha mkono wake kwenye kitenge, akakitia tena.

Kaingu naye alikuja na koti jeusi aliloliazima kwa mzee wa kanisa, Mwambire, aliyewahi kwenda Uskoti. Lilikuwa zito kama godoro, linanuka dawa ya nondo.

"Hata kama ni joto, baba Pamela?"

"Joto likiisha utanishukuru."

Koti peke yake lilijaza nusu ya sanduku.

Asubuhi iliyofuata Pamela alipiga simu ya kuonana. Sidi akaiegemeza simu kwenye mto ili binti yake aone alivyopanga. Pamela alipoliona lile koti alifumba macho.

"Mama, toa koti."

"La mzee Mwambire."

"Litoe. Na skafu. Na hivyo viatu. Bakisha magauni mawili, nguo za kulalia na leso."

"Kitenge je?"

"Mama, nakuomba."

Sidi alivitoa vyote, kimoja baada ya kingine, akaketi kitandani. Ndipo alipoona kwamba Pamela hayuko nyumbani kwake. Alikuwa amekaa kwenye ngazi za jengo, anasema kwa sauti ya chini.

"Pamela, niambie, mimi ni mama yako. Hili sanduku litajazwa nini?"

Mtu akapita kwenye ngazi, Pamela akasogea kumpisha.

"Vitu vyangu, mama."

"Vitu vyako viende wapi?"

"Nyumbani. Nitarudi na wewe."

"Kutembea?"

"Kurudi, mama."

Sidi akaisogelea simu. "Amekupiga?"

"Hajawahi hata kunikemea. Hakuna kibaya alichonifanya. Tunaishi kama wapangaji wa nyumba moja. Tunasalimiana, tunapishana, basi. Yeye anajua, tumekubaliana." Akafuta pua kwa kiganja. "Lakini siwezi kufika peke yangu na masanduku, watu wananitazama. Nikija nawe, nitakuwa nimemsindikiza mama. Baba usimwambie kwanza."

Sidi aliazimia kunyamaza, na alinyamaza hadi chai ya jioni. Kaingu alikuwa akimuuliza koti limekwenda wapi, naye badala ya kujibu la koti akajikuta amesema yote.

Kaingu aliweka kikombe chini. "Mume mlevi?"

"Hapana."

"Ana mwanamke nje?"

"Anasema hapana."

"Sasa anaachwa kwa nini?"

"Baba Pamela, nimemuuliza, akanijibu. Jibu nimelisikia vizuri, lakini sikulielewa."

Kaingu, ambaye kila Jumapili hakukosa mtu wa kumweleza habari za mtoto wake wa Italia, akageuka kuutazama mlango wa chumba cha binti yake.

"Chumba chake kimejaa mahindi," akasema. Akainuka, akaanza kuburuta magunia kuyapeleka ghalani.

Sidi alipofika Italia, Renzo ndiye aliyempokea uwanja wa ndege pamoja na Pamela. Alimbusu mashavu yote mawili, akalishika sanduku, na alipolinyanyua akalihisi lilivyo jepesi. Akatazama pembeni.

Jua lilikuwa kali hata lami inanata chini ya viatu, na magauni ya pamba ndiyo yaliyomwokoa. Renzo alimnunulia feni ya chumbani. Alimpikia samaki, akamwonyesha bahari. Sidi alisubiri neno moja la ukali, tendo moja la dharau, apate pa kuishikia hasira yake. Hakulipata. Siku ya kufunga mizigo, Renzo mwenyewe alikunja masweta ya Pamela, polepole, mkono juu ya mkono. Pamela akacheka kwa jambo alilomwambia Kiitaliano, kisha akalia, naye Renzo akalia. Sidi akasimama mlangoni, hajui ambembeleze nani.

Magarini, Kaingu aliwapokea barabarani. "Umefika, mwanangu," akasema, hakuuliza kitu. Mzee Mwambire alipokuja kuwajulia hali, akauliza, "Na mkwe wenu?"

"Hajambo," Sidi akajibu.

Wala hakuwa amesema uongo. Renzo alikuwa akipiga simu asubuhi na jioni, akiuliza kama wamelala salama, na Pamela alitoka uani kuipokea, akitabasamu kidogo kama msichana anayechumbiwa. Jumapili ilipofika, Sidi alipiga magoti kanisani pamoja na wenzake, akafumba macho. Wengine walikwisha kuinuka, naye bado hajaanza. Hakujua aombe wale wawili warudiane au wasahauliane.