Korola ya Mzee Kashindye

Miaka ile baada ya ruksa ya biashara huria, magari ya mtumba kutoka Japani yalipoanza kumiminika Mwanza, Gladness aliona jambo ambalo hakutegemea kuliona: baba yake akiiogopa injini.

Mzee Kashindye huyu huyu! Maisha yake yote alitengeneza malori ya pamba. Aliweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye chuma cha injini inayounguruma, mpini sikioni, akafumba macho, kisha akataja ugonjwa. Wakifungua, ni huo huo. Gladness alikua akiyaona hayo, na akiyakumbuka moyo unamlainika.

Lakini masikio yakamtupa mkono mzee. Kufikia mwaka tisini na nane, hata shikamoo ya mwanawe alikuwa anaisoma midomoni. Korola yake nyeupe ilipoanza kutoa moshi mweusi na kuwasha taa ya njano kwenye dashibodi, aliweka bisibisi sikioni, akakaa, akakaa, kisha akairudisha kwenye sanduku.

"Liuzeni gari hili," alisema. "Mimi na ufundi basi."

Mafundi wa Mabatini walishauri kama walivyoshauri wote wakati ule: ng'oa kompyuta ya gari, funga kabureta ya kizamani badala yake. Mteja wa Misungwi alikubali kulichukua na kufanya hivyo, angekuja Jumamosi. Gladness alijua gari likitoka, baba atabaki kukaa barazani akisubiri chakula. Hilo hakuwa tayari kuliona.

Akaenda kwa Masalu, muuza kompyuta kuukuu pale Nyamagana. Masalu akamwonyesha kwanza mashine ya kupimia magari, ya gereji za wakubwa. Gladness alisikia bei, akacheka.

"Basi chukua hii, dada," Masalu akasema, akitoa waya mnene na disketi. "Chomeka kwenye kompyuta ya nyumbani, gari litajieleza lenyewe."

Nyumbani kompyuta ilikuwepo moja, iliyotupwa na ofisi ya Gladness. Ijumaa asubuhi yeye na baba yake wakalisukuma gari mpaka chini ya dirisha, wakapitisha waya kwenye nondo zake, na majirani wakaja kutazama gari likitundikiwa dripu. Plagi haikuingia popote! Ilikuwa ya magari ya Marekani. Matundu ya Korola yalikuwa mengine kabisa, kwenye kiboksi cheusi chini ya boneti. Gladness akarudi dukani akiwaka.

Masalu hakubisha. Alipokea vitu vyake, akakata kipande cha waya wa kawaida, akampa pamoja na fotokopi ya karatasi moja.

"Unganisha matundu haya mawili, washa swichi bila kupiga stata, uangalie ile taa ya njano. Itakonyeza, uhesabu. Kila namba ina ugonjwa wake."

"Na kompyuta?"

"Imo ndani ya gari, dada. Samahani, nilitaka kuuza."

Gladness akaunganisha, akamketisha baba yake kwenye usukani na kumwonyesha taa. Ikakonyeza mara mbili, ikatulia, ikakonyeza mara mbili tena. Ikarudia. Mzee aliinama mpaka pua ikakaribia dashibodi.

"Inasema!" akapayuka. "Gladi, inasema, na mimi naiona!"

Kwenye karatasi, mbili na mbili ilikuwa kipima joto cha maji ya injini. Mzee hakungoja mtu. Akachomoa soketi yake, ikiwa imejaa kutu ya kijani, akaisugua kwa msasa, akairudisha, akatoa kile kipande cha waya, akapiga stata. Taa ikazimika. Moshi mweusi ukapungua mpaka ukaisha.

"Namwambia mteja asije," Gladness akasema, akitamka polepole.

Mzee aliitikia kwa kichwa tu. Alikuwa ameweka kiganja juu ya boneti. Kisha akamgeukia.

"Inalia vipi?"

Gladness akaigeukia boneti. Miaka yote alimtazama baba yake akisikiliza, na yeye mwenyewe hakuwahi kuisikiliza injini hata siku moja.

"Nzuri, baba."

"Usiniambie nzuri." Akamvuta karibu, macho yamekazia midomo yake. "Niambie yote."

Gladness akafuta machozi, akasikiliza, akaanza kumweleza.