Nailoni ya Paneli

Ilikuwa Jumamosi, tarehe kumi na nne Machi, na asubuhi hiyo anga lilikuwa safi, bila hata kawingu ka kusingizia. Hilo ndilo lililomkera Baba Pacha. Kungekuwa na wingu, angelilaumu wingu. Lakini jua lilikuwa limemwagwa mtaa mzima bila kuuliza nani anasali na nani hasali, na betri yake ya umeme wa jua bado ilikuwa tupu kama tumbo la mtu aliyefunga.

Mkewe, Mama Pacha, aliyeanza masomo ya jioni akiwa tayari ana wajukuu, alikuwa na mtihani Jumatatu. Hesabu za sehemu zilikuwa bado zinampiga chenga, na kila jioni taa ilizima kabla hajamaliza swali la kwanza.

"Leo ikizima tena," alimwambia mumewe, "nahamia kwa dada mpaka mtihani uishe. Utabaki na betri yako mpikiane."

Baba Pacha hakujua hata chumvi hukaa wapi. Akamwita shemeji yake, mdogo wa mkewe, fundi wa redio mwenye mdomo usio na breki. Mama Pacha naye akaita jeshi lake, akina mama wa maombi, wakajipanga kwenye sofa. Sofa lile lilikuwa bado limevaa nailoni ya dukani, kama rimoti, kama godoro, kama kila kitu cha thamani katika nyumba ile. Baba Pacha hakununua vitu ili vichafuke. Kwa joto lile, kila mama aliyejigeuza alibanduka na mlio.

"Tunakemea kila roho inayokunywa chaji," aliomba kiongozi wao, mkono juu ya betri.

"Mama, usishike hapo kwenye nyaya," shemeji alisema. "Roho ya umeme haikemewi."

Alianza na betri. Aliitoa, akaunganisha nyingine aliyokuja nayo. Nayo haikuingia chaji.

"Basi betri yako haina dhambi, shemeji."

Akasugua vichwa vya nyaya kwa msasa, akakaza skrubu za kile kiboksi cha ukutani kinachopokea umeme wa paneli na kuupeleka kwenye betri. Taa ya kijani ya kiboksi, ambayo huwaka chaji ikiingia, iligoma. Mwisho akapima nyaya zinazoshuka kutoka juu ya paa. Mshale wa mita uliinuka kidogo, ukalala tena.

"Ugonjwa uko juu. Paneli haitoi kitu. Ngoja nipande."

"Nitapanda mwenyewe," Baba Pacha alimkatiza.

"Na hilo goti?"

"Goti ni langu."

Alikuwa ameshajua. Siku ile paneli ilipofungwa, fundi aliyeifunga alipoondoka tu, yeye alipanda akairudishia nailoni nene iliyokuja nayo, akaibana kwa selotepu pande zote. Kioo cha bei ile kinyewe na ndege? Mwanzoni nailoni ilikuwa angavu kama maji. Sasa aliikuta ya njano kama jino la mvuta tumbaku, vumbi juu, ukungu chini. Aliichana, akamwomba Mungu amsamehe, halafu akamwomba asigundulike. Sala zote mbili alizisema kwa pumzi moja.

Huko chini, kiboksi kikawaka kijani.

"Imejibiwa," akasema kiongozi wa maombi, na wenzake wakapiga vigelegele.

Baba Pacha alishuka na nailoni chini ya shati, kitambi kimemwota ghafla. Akakaa upesi kwenye sofa, maana pale kila mtu alikuwa akichakacha, na mchakacho wake usingejulikana.

Mama Pacha alikuwa akilengwa na machozi. "Kesho nashuhudia kanisani. Nitasema betri ilikufa, tukaiombea, ikafufuka. Tusimame tushukuru."

Wakasimama. Sofa likanyamaza. Baba Pacha hakunyamaza. Kila alipovuta pumzi, tumbo lake lilichakacha.

"Shemeji," fundi alisema, macho bado kayafumba, "umemeza sofa?"

Angeweza kusingizia gesi. Lakini alimwona mkewe, mikono juu, uso umenyooka, tayari kusimama mbele ya kanisa zima kushuhudia uponyaji wa betri ambayo haikuwahi kuumwa. Uongo wake mwenyewe angeubeba. Huo wa mkewe ungemlemea. Akafungua vifungo, akaivuta nailoni, ikaja ndefu kama utumbo.

"Ilikuwa juu ya paneli," alisema. "Niliiweka mimi. Isichafuke."

Mama Pacha aliichukua, akaiinua dirishani. Jua lenyewe likaonekana lina homa ya manjano.

"Nasoma gizani," alisema, "kumbe jua amelifunika mume wangu."

"Lakini maombi yamejibiwa," kiongozi alisema taratibu. "Tuliomba kinachozuia kitoke. Kimetoka kwenye shati."

Mama Pacha aliuma mdomo asicheke. "Sihami. Ila utaahidi, kwa sauti, hawa wakiwa mashahidi."

Baba Pacha alitazama rimoti, akatazama godoro kupitia mlango wa chumbani.

"Mbele ya shemeji yangu na akina mama hawa, naahidi: paneli nitaifuta mwenyewe kila Jumamosi, goti litake lisitake, na hakuna kitu kitakachovaa nailoni tena ndani ya nyumba hii."

"Na sofa?"

"Na sofa," alisema Baba Pacha. "Nalivua leo, kabla hamjakaa."