Kompyuta Yenye Walinzi Wengi

Kompyuta ya ofisi ilipokuwa nzito kupita kiasi, Mwalimu Didas, mkuu wa taaluma wa sekondari moja ya binafsi kule Chamazi, aliipiga Windows mpya. Ikawaka upesi mpaka Mwajabu, sekretari, akapiga kigelegele.

Kigelegele kikamfikia mkuu wa shule, Madam Kokushubila. Akaja na flashi.

"Mwalimu, umeweka antivairasi?"

"Nimeweka, Madam. Nzuri tu."

"Ongeza na hii. Nimepewa na mdogo wangu wa benki. Benki hawabahatishi."

Didas akaongeza. Mchana akapita mwenyekiti wa bodi, Mzee Mwinjuma, ambaye hajawahi kushika mausi maishani mwake, lakini alikuwa na CD ya antivairasi aliyoletewa na mwanawe kutoka Muscat. Nayo ikawekwa.

Kesho yake Mwajabu alikuwa anachapa mtihani wa kidato cha pili. Ghafla skrini ikageuka bluu, mashine ikazima.

"Mie sijagusa kitu!" alisema, kabla hajaulizwa.

Didas alibadilisha nyaya, akasugua kadi ya kumbukumbu, RAM, kwa raba ya penseli, akapuliza vumbi. Ikawaka, ikazima. Akapiga Windows upya. Madam akaleta flashi yake, Mzee akatuma CD yake, mashine ikafa tena. Ikawa ndiyo ibada ya wiki nzima. Madam alishuku umeme. Mzee alimshuku mwalimu wa jiografia aliyefukuzwa. Didas alianza kula chapati zake nyuma ya maabara asikutane na mtu.

Mwishowe kikaitishwa kikao cha dharura. Didas alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kupiga Windows nyingine, akaitwa kabla hajaongeza chochote. Kikao kilijadili kama aletwe mtaalamu kutoka mjini, na akija akae kiti gani. Chai ililetwa, ikapoa, ikaletwa nyingine. Alasiri Mwajabu akabisha hodi.

"Shikamooni. Mtihani nimemaliza. Leo haijazima hata mara moja."

Didas akasimama. Kumbe!

"Waheshimiwa, nimeelewa. Ni hizi antivairasi. Zikiwa nyingi, kila moja inamwona mwenzake ndiye kirusi. Zinapigana, kompyuta inaumia. Windows yenyewe ina ulinzi wake, unatosha."

"Hoja nzuri sana," alisema Madam. "Basi ya mwenyekiti itolewe."

"Yangu imevuka bahari, mwanangu. Itolewe ya benki."

Kisha wote wawili wakamgeukia Didas. Kikao kikaazimia kwa kauli moja kwamba itolewe ya Didas.

Didas alirudi ofisini, akafunga mlango. Hakuweka antivairasi yoyote. Alibandika tu vipicha viwili kwenye skrini, kimoja kikiitwa Benki, kingine Muscat. Ukibonyeza chochote kati ya hivyo, unafunguka ukurasa wa kijani ulioandikwa: Kompyuta yako iko salama.

Mashine haikuzima tena. Kila asubuhi Madam anabonyeza cha kwake, anatikisa kichwa kwa kuridhika. Kwenye mahafali Mzee Mwinjuma aliwaambia wazazi kwamba shule yao inalindwa kutoka ng'ambo. Wazazi walipiga makofi, na Mwalimu Didas, aliyeketi mstari wa mbele, alipiga ya nguvu kuliko wote, kwa moyo mkunjufu kabisa.