Wimbo wa Kurahashi

Msimu huu Korongo, timu yetu ya besiboli, wametutia aibu mpaka basi. Hapa Okayama hata muuza tofu wa mtaani kwetu, mtu asiyejua mpira una rangi gani, alianza kunipa pole kila asubuhi. Tulishika mkia tangu mvua za Juni na hatukuuachia tena. Warushaji wetu walirusha mipira kama wanaolisha njiwa. Hata hivyo niliendelea kwenda uwanjani na tarumbeta yangu ya kushangilia, maana ukipenda besiboli huchagui miaka ya kuipenda.

Ila kulikuwa na jambo moja lililoninyima raha. Kwetu mashabiki kila mchezaji ana wimbo wake, na tunampigia pale tu anaposimama na rungu mkononi kuungoja mpira. Akitolewa, tarumbeta zinanyamaza. Wimbo wa Kurahashi niliutunga mimi, jikoni, wakati wa baridi, mume wangu akiziba masikio. Kurahashi akaumia bega, akakaa benchi msimu mzima, kisha akatangaza kwamba anastaafu. Wimbo wangu ulikuwa haujapigwa hata siku moja.

Siku ya mechi ya mwisho Mzee Obata, mpiga ngoma wetu, alinikuta nafuta tarumbeta. Akaniuliza kama nimekuja na sanda.

"Ya nani?"

"Ya wimbo wako, Bi Mineko. Leo tunauzika."

Nikamwambia ngoma yake ndiyo inayotufungisha. Akacheka, akanipa tonge la wali.

Tulikuwa tumeshafungwa vibaya na watu wameanza kukunja bendera, ndipo kocha akamwinua Kurahashi benchi. Nikavuta pumzi, nikaanza. Na yule bwana, mpira wa kwanza tu, akaupiga juu kabisa, ukadakwa kabla haujagusa chini. Katolewa. Utaratibu ni utaratibu, tukanyamaza katikati ya mstari wa kwanza. Niliumia, sitaficha. Nilimkasirikia mtu mzima ambaye kosa lake lilikuwa haraka tu.

Mechi ikaisha. Kama kawaida wachezaji walikuja hadi kwenye uzio wetu, wakajipanga, wakainama kutuomba radhi, kisha wakaondoka. Kurahashi alirudi peke yake na rungu lake. Akasimama kwenye nyasi mbele yetu, magoti kayakunja, rungu kaliweka tayari begani, anamkazia macho mrushaji ambaye hayupo.

Mzee Obata akanigusa kwa kiwiko.

"Bi Mineko, mpigaji kasimama. Unangoja nini?"

Nikapiga. Niliupiga wimbo wote na kiitikio nikakirudia, machozi yakinichuruzika hadi mdomoni, ngoma ikinibeba. Upande wa pili mashabiki wa wapinzani, waliokuwa wameshaanza kushuka ngazi, walisimama wakapiga makofi kufuata mdundo. Safari hii Kurahashi hakuwa na haraka. Aliusikiliza wimbo mpaka sauti ya mwisho, ndipo akalizungusha rungu kwa nguvu zake zote, akapiga hewa.

"Huo umetoka nje ya uwanja, hakuna wa kuudaka," akasema Mzee Obata, uso kauinua juu.

Nami nikainua wangu, nikausindikiza mpira kwa macho mpaka ulipovuka paa.