Pua ya Mama Mkwe

Miaka kumi na tisa nimeishi na mama mkwe wangu, Malsun, na kila majira ya machipuko nafeli mtihani uleule wa vitunguu pori. Sheria zake nazijua kama jina langu: jani liwe jembamba, liponde, linuse, lisiponuka kitunguu, tupa. Na unawe mikono kwanza, maana ukishachimba vitatu, hata kijembe kinanuka kitunguu. Pua yake ndiyo mahakama ya rufaa. Ulimi wake nao haukupumzika majira yote ya baridi: supu yangu, kila siku, chumvi imezidi.

Leo alikwenda kuchimba mwenyewe, kwa kuwa wifi yangu Junghwa anakuja kula mchana. Wifi anampenda sana mama yake. Ameshamtafutia hadi kitanda kwenye nyumba ya wazee mjini, anasubiri kisingizio tu.

Nikanawa mikono, nikaanza kuchambua. Katikati ya fungu nikakuta majani matatu bapa, manene. Nikaponda moja. Halikunuka kitu. Yalikuwa ya yale maua ya manjano ya ukingoni mwa shamba, ambayo yangetutapisha sote hadi jioni.

"Mama, hebu ninusie hili."

Akalinusa kwa madaha. "Kitunguu safi kabisa. Wewe hiyo pua umepewa ya nini, ya kushikilia miwani?"

Miaka kumi na tisa nimeisubiri siku ya kumkamata, na ilipofika nikamwonea huruma. Iliniudhi sana.

Wifi akaingia, akayaona majani mkononi mwangu. "Haya si maua haya? Nani kayachimba?"

Mama mkwe akachukua kitambaa. Akaanza kufuta meza iliyokuwa safi.

"Mimi," nikasema. "Nilidhani vitunguu."

"Miaka yote hii namfundisha," mama mkwe akadakia, "kichwa kigumu kama jiwe la kusagia." Akanisema hadi wali ukaiva, wifi akicheka. Tukala wali na vitunguu vilivyokatwakatwa kwenye sosi ya soya na ufuta. Habari ya kitanda haikutajwa.

Wifi alipoondoka, mama mkwe akaja kuosha mabakuli, kazi asiyoigusa.

"Pua iliondoka na yale mafua ya mwezi wa kumi na mbili," akasema bila kunitazama. "Na ladha yote."

"Ladha pia? Na ile chumvi ya supu yangu, baridi nzima?"

Akasuuza bakuli taratibu.

"Ningenyamaza, ungejua."