Gobole Linalotujua

Mume wangu Bulaimu ana gobole lenye akili kuliko watu wote wa Lusangi. Analilaza juu ya vigingi viwili ukutani, baruti ndani, fataki juu, tena chini kabisa, ili alichukue upesi nguruwe-mwitu wakiingia kwenye mihogo. Nikilalamika ananijibu kwa upole, utadhani mtoto ni mimi.

"Mama Déo, ile bunduki walishaichanja kule Salamabila. Iko inatujua. Haiwezi kula mutu wa nyumba."

Kweli, ilichanjwa. Mganga alichukua jogoo wangu mkubwa kama malipo, akaipaka bunduki dawa, akaitajia majina yetu moja moja. Nuru, mjukuu wetu, hakutajwa, maana alikuwa hajazaliwa. Bulaimu anasema bunduki itamtambua kwa pua yake, ni ya ukoo.

Basi Nuru ameanza kusimama. Hushika chochote: kiti, kitenge changu, mkia wa mbuzi. Jana niliingia kutoka jikoni nikamkuta amesimama wima, ameshika mdomo wa bunduki kwa mikono miwili, anachungulia ndani na kucheka. Nilimnyakua. Nikakaa chini palepale nikalia kwa hasira.

Kisha nikapika vizuri: sombe ya majani ya mihogo kwa mawese, ugali, samaki. Kiti cha Bulaimu nikakiweka pembeni, mbele kabisa ya mdomo wa bunduki.

Alirudi, akanawa, akakisogeza kiti. Nikakirudisha.

"Mama Déo, pale iko baridi."

"Kaa tu, Baba Déo. Iko inakujua. Jina lako ndilo la kwanza."

Akaitazama sombe. Akautazama ule mdomo. Jasho likamtoka, shujaa wangu.

"Na kama dawa ilishaisha nguvu?" akauliza taratibu.

"Basi Nuru alisimama pale leo, mikono yake yote miwili juu ya ule mdomo."

Bulaimu aliiacha sombe. Aliitoa bunduki nje, akaielekeza chini, akabandua fataki, akaondoa risasi na baruti. Bunduki ikaingia sandukuni na kufuli juu; baruti akaificha mahali pengine. Sombe ikapoa.

Leo asubuhi nimemsikia akiwaeleza majirani kwamba dawa yake ina mwiko mkali: bunduki isilale na baruti ndani ya nyumba. Wanaitikia kwa heshima. Mimi natwanga sombe, sisemi neno. Nuru amesimama, ameshika kufuli la sanduku, anacheka.